Mjusi wa Tendaguru wa kuning'iniza kwenye funguo, kwa udongo wa polima

Kijisanamu cha funguo hakina raha. Kutwa kinagongana na funguo, kinarushwa mezani, kinabanwa mfukoni kwenye bodaboda, kinalowa jasho. Kwa hiyo kabla ya kuwaza kitapendezaje, waza kitakatikia wapi. Vingi hukatika kwa sababu mbili tu: umbo lina kitu chembamba kilichochomoza, au udongo haukuiva. La kwanza unalimaliza kwenye umbo lenyewe. La pili ni la jikoni, na ndilo linalowashinda wengi.

Mnyama wetu ni mjusi wa Tendaguru, yule wa shingo ndefu ambaye wataalamu humwita Giraffatitan. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 kwenye kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini Lindi, kisha ikasafirishwa kwenda Berlin. Kiunzi chake kilisimamishwa huko mwaka 1937, na kina kimo cha mita 13.27. Sisi tunamtaka wa sentimita tatu.

Kuna mambo mawili ya umbile lake usiyaache, maana bila hayo atakuwa dinosaria yeyote tu. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo unateremka kutoka mabegani kuelekea mkiani. Na kichwa ni kidogo, chenye nundu juu, mbele kidogo ya macho. Rangi ya ngozi yake haijulikani, kwa hiyo hapo una uhuru wote.

Shingo ndiyo uzuri wake na ndiyo balaa. Ukiisimamisha juu, kila mgongano wa funguo utaisukuma kama mpini wa jembe, na itapasukia mabegani. Watu hutia waya ndani wakidhani wamemaliza. Waya itabaki nzima, udongo utapasuka juu yake, na kichwa kitabaki kinaning'inia. Dawa ni kuilaza shingo ubavuni, mwili mzima uishike, na mkia uzungushwe upande wa pili mpaka uguse mguu wa mbele. Chochote kinachochomoza lazima mahali fulani kiguse mwili. Kwa sababu hiyohiyo mwachie mtu mwingine Kentrosaurus, ndugu yake wa Tendaguru mwenye miiba mgongoni. Miiba itatoboa mfuko kwanza, halafu itakatika.

UDONGO

Udongo wa polima si udongo wa mfinyanzi, wala si plastisini ya watoto ambayo haikauki milele, wala si ule unaokauka kwa hewa. Ni unga laini sana wa PVC, plastiki ya jamii ya mabomba ya maji, uliochanganywa na kilainishi na rangi. Haukauki, unaiva kwa joto. Soma paketi: lazima iandike joto la oveni. Kati ya chapa za udongo huu, Fimo huandika nyuzi 110 kwa dakika 30, Premo ya Sculpey nyuzi 130 kwa dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene, Cernit kati ya 110 na 130. Fuata paketi uliyoshika mkononi, usifuate ya rafiki yako.

Usitegemee kuukuta kila duka la vifaa vya shule Mtwara au Lindi. Wengi huagiza Dar es Salaam na kupokea kwa basi, na hapo ndipo pa kuangalia. Udongo huu huanza kuiva polepole hata kwenye joto la buti la basi lililopigwa jua mchana kutwa. Omba ufungwe kwenye foili na gazeti, na upakiwe basi la usiku likiwepo. Ukifika, bonyeza paketi kwa kidole gumba kabla ya kulipa, kama muuzaji anakuruhusu. Ukibonyea ni mzima. Ukiwa mgumu ila unalainika ukikandwa dakika tano, bado unafaa. Ukimeguka vipande vyenye kingo kali na havishikani tena, umeshaanza kuiva. Huo ni hasara.

Nyumbani usiuweke kwenye chumba cha bati kisicho na dari wala dirishani. Kando ya mtungi wa maji panatosha. Ufunge kwa foili au mfuko laini wa nailoni. Usiuweke kwenye vikombe vile vigumu vinavyong'aa na kuvunjika kwa mlio, maana kilainishi hula plastiki ya aina hiyo na utakuta umeganda nayo. Hata vanishi ya meza huliwa. Fanyia kazi juu ya kioo au kigae cha sakafuni.

Paketi ya gramu 57 hutoa mijusi saba au wanane. Mmoja hula gramu 7 hivi. Kwa rangi ya kijivu cha jiwe, changanya nyeupe sehemu sita, kahawia sehemu moja, na nyeusi ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Nyeusi ina nguvu sana, iongeze kidogokidogo. Acha pia punje ya nyeusi tupu kwa ajili ya macho.

VIFAA VINGINE

Waya ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba ya njano, unene wa milimita 0.8, sentimita 8 kwa mjusi mmoja. Waya ya kufungia nondo iache, hewa ya chumvi ya hapa pwani itaila. Shaba nyekundu iliyochunwa kwenye waya za umeme wa nyumba inashika vizuri, lakini jasho litaifanya ya kijani na ni nene kusokota.

Foili ya jikoni, kipande cha sentimita 8 kwa 8. Wembe. Vijiti vya kuchokolea meno. Mswaki wa zamani. Plaizi mbili ndogo. Msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, ule wa mafundi rangi za magari. Rangi ya akriliki ya kahawia iliyokoza. Pete ndogo ya kuunganishia na pete ya funguo. Spiriti na pamba kidogo.

Na kipimajoto cha oveni. Hiki si cha hiari.

KUFINYANGA

Kwanza chora kwenye karatasi miduara ya kipenyo cha milimita 7, 8, 9, 12 na 15, uiweke chini ya kioo unachofanyia kazi. Kila donge ulipime kwa kuliweka juu ya mduara wake. Ukikisia kwa macho, miguu minne itatoka kila mmoja na ukubwa wake.

Fanya kazi asubuhi. Saa nane mchana, mwezi wa kumi na mbili, udongo utakuwa kama siagi na kila ukigusa unaacha alama. Ukilainika mno, ulaze bapa kati ya karatasi mbili nyeupe zisizoandikwa, weka kitabu juu, acha nusu saa. Karatasi itanyonya kilainishi kilichozidi. Utaiona imepata doa la mafuta. Usizidishe, udongo mkavu mno hupasuka ukiukunja. Kuutia kwenye friji dakika kumi kunasaidia pia, lakini uwe umefungwa, na usiufungue mpaka upoteze ubaridi, la sivyo utatoka jasho na maji yatabaki ndani.

Ukande mpaka utepe wake ukikunjwa hausinyai wala kupasuka. Kandia kwa kuviringa na kupinda, si kwa kukunja kama chapati, maana mikunjo hufungia hewa, na hewa hiyo itakuja kutokea kama malengelenge jikoni.

Kiini na kishikio. Fanya foili iwe yai dogo gumu, urefu milimita 10 na unene 8. Ligongegonge kwa nyundo huku ukilizungusha. Foili yenye nafasi ndani ni ghala la hewa. Pinda waya katikati juu ya msumari wa milimita 3, isokote mara nne upate kitanzi chenye shina. Ncha mbili zilizobaki zizungushe kwenye yai la foili, moja kwa marefu na moja kwa mapana, kisha uzichomeke ndani yake. Kitanzi kikae theluthi moja kutoka mbele, si katikati, kwa kuwa mabega, shingo na miguu ya mbele ndiyo yenye uzito. Vuta kwa plaizi. Kama inacheza sasa, itachomoka baadaye.

Ndiyo, skrubu ndogo za kitanzi zinapatikana na ni rahisi zaidi: unachomeka tu. Lakini zinashikwa na meno machache tu ya skrubu, na kwenye funguo zitalegea. Waacheni wenye hereni wazitumie.

Mwili. Donge la milimita 15 libonyeze liwe bapa, lifunike kiini chote, na ziba maungio kwa kidole. Liviringe liwe yai la urefu wa milimita 20, upande wa mabega uwe mnene kuliko wa mkia. Shina la waya litoke juu, na udongo ulikumbatie vizuri mahali linapotokea.

Miguu. Madonge mawili ya milimita 8 kwa miguu ya mbele, mawili ya milimita 7 kwa ya nyuma. Yaviringe yote yawe magogo ya unene wa milimita 6. Ya mbele yatatoka na urefu wa 9, ya nyuma 6. Hapo mteremko wa mgongo unajitengeneza wenyewe. Usibandike mguu chini ya tumbo kama nguzo. Bonyeza ncha yake ya juu iwe bapa kama jani, uilaze juu ya bega au paja, kisha sugua kingo kwa kijiti mpaka ufa usionekane. Kubandika bila kusugua ndiyo kosa linaloonekana zaidi kwenye vijisanamu vilivyorudi na miguu mitatu.

Mkia. Donge la milimita 9, liviringe liwe koni ya urefu wa milimita 30, kitako cha milimita 7. Sugua kitako nyuma ya mwili, zungusha mkia upande wa kulia, ubonyeze kwenye mguu wa nyuma na ncha yake kwenye mguu wa mbele.

Shingo na kichwa. Donge la milimita 12. Acha upande mmoja donge dogo la kichwa, uliobaki uviringe uwe shingo ya milimita 26, mnene 8 mabegani na 4 karibu na kichwa. Bonyeza kichwa kidogo pembeni, vuta nundu kwa vidole viwili, chora mdomo kwa wembe bila kukata. Sugua kitako cha shingo mbele ya mabega, inyanyue kidogo, ipinde kushoto na uilaze ubavuni, kichwa kitue pajani. Pinda polepole. Ukiona nyufa ndogo nje ya kona, udongo ni mkavu: zipake tone moja la mafuta ya watoto kwa ncha ya kidole, sugua, subiri kidogo. Tone moja.

Macho ni punje mbili za nyeusi za milimita 1. Toboa vishimo kwanza, kisha uchukue punje kwa ncha ya kijiti iliyoloweshwa. Jicho lililobandikwa juu bila kishimo hutoka na msasa.

Ngozi iache mwisho. Gongagonga mwili mzima kwa mswaki wa zamani, usiburute. Alama za vidole zinapotea, vumbi dogo halionekani, na rangi utakayopaka baadaye itapata pa kushika. Nyuzi za nguo na uchafu uliobaki ufute kwa pamba yenye spiriti.

KUIVISHA

Hapa ndipo penye kazi. Joto likiwa dogo, punje za PVC hazishikani sawasawa na kilainishi. Kijisanamu kitakuwa kigumu, kitaonekana kimeiva, na kitavunjika kama biskuti wiki ijayo. Likizidi sana, kingo zinageuka kahawia, kisha PVC inaanza kuoza na kutoa gesi kali ya asidi. Muda ukizidi kwenye joto sahihi hakuna tatizo lolote. Kwa hiyo dhibiti joto, muda usiuogope. Mjusi huyu mwenye kiini cha foili apewe dakika 45 kwenye joto la paketi.

Pamoja naye weka utepe wa majaribio: udongo huohuo, unene wa milimita 2, upana 10, urefu 40.

Oveni ndogo ya mezani. Kitufe chake ni mapambo, amini kipimajoto. Iwashe tupu robo saa uone mshale unavyopanda na kushuka, urekebishe mpaka wastani ukae kwenye joto la paketi. Weka mjusi juu ya kigae chenye karatasi nyeupe (kwenye kigae kitupu atapata doa la kung'aa miguuni), mbali na nondo za moto, na umfunike na paa la foili. Umeme ukishuka, joto nalo hushuka bila taa kuonyesha lolote, ndiyo maana kipimajoto kibaki ndani muda wote. Ukikatika kabisa, usifungue mlango. Ukirudi, anza kuhesabu upya. Kuivisha mara mbili hakuharibu.

Jiko la mkaa. Anayejua kuoka keki kwa sufuria ameshajua nusu ya kazi. Chukua sufuria nene ya upana wa sentimita 28 hivi, tia mchanga mkavu wa sentimita 3, weka mawe matatu, juu yake kigae, na juu ya kigae mjusi na utepe wake. Funika kwa mfuniko mzito. Tofauti na keki ni kwamba moto unaotosha keki unaunguza udongo, na hapa huwezi kunusa kama kumeiva. Pima kwa mita ya fundi umeme yenye waya wa kupimia joto: ncha ya waya ikae usawa wa mjusi bila kugusa kigae, waya wenyewe upite chini ya mfuniko. Ni nzuri kuliko kipimajoto cha mshale kwa sababu hufungui.

Jaribu kwanza bila mjusi. Mkaa ulioshika vizuri, usiozidi viganja viwili, chini tu. Juu ya mfuniko usiweke. Joto likikaribia nyuzi 100, ondoa nusu ya mkaa, maana mchanga utaendelea kupandisha wenyewe. Likitulia kwenye joto la paketi kwa dakika kumi bila kupanda, ndipo ufunue haraka, uweke mjusi, ufunike. Likishuka, ongeza kipande kimoja cha mkaa. Likipita 140, inua sufuria kutoka jikoni, usisubiri.

Kuchemsha kwenye maji kunasifiwa sana. Maji hayapiti nyuzi 100, chini ya kiwango cha paketi zote tulizotaja. Maikrowevu usiijaribu kabisa, na huyu ana chuma ndani.

Fungua madirisha. Harufu ndogo ya plastiki ni kawaida. Ukiona moshi au ukahisi harufu ya kuchoma pua, zima, toka nje, acha hewa ibadilike kwanza. Sufuria na kigae hicho visirudi kwenye chakula.

Muda ukiisha, acha apoe mlemle ndani. Akitolewa moto na kuwekwa kwenye upepo wa bahari, ngozi hupoa kabla ya ndani na nyufa zinatokea mgongoni. Akishapoa kabisa, pinda utepe. Ukipinda kama ukucha na kurudi, ameiva. Ukikatika kwa mlio, hajaiva: rudisha wote jikoni, pandisha nyuzi 5 hadi 10 bila kuvuka kikomo cha paketi, dakika 30 nyingine. Usimjaribu mjusi mwenyewe akiwa moto. Akiwa moto udongo hulegea hata kama umeiva vizuri, na ndipo watu wanapomvunja mguu kwa haraka zao.

Malengelenge madogo yakitokea, toboa kwa sindano akiwa bado na moto na ubonyeze. Vipele vyeupe kama nusu mwezi chini ya ngozi ni hewa au unyevu. Vinapungua ukimpiga msasa, haviishi.

KUMALIZIA

Msasa wa maji, ndani ya bakuli la maji, kwenye nyayo, nundu ya kichwa na ncha ya mkia tu: 400, kisha 600, kisha 1000. Palipo na alama za mswaki usiguse. Mkaushe, kisha paka rangi ya akriliki ya kahawia mwili mzima, hesabu hadi ishirini, ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Rangi inabaki kwenye vishimo, na ngozi inaonekana ya mnyama. Ikifutika yote, ulifuta mapema. Ikibaki mabaka, ulichelewa. Sugua kwa spiriti.

Sehemu ulizopiga msasa zisugue kwa kipande cha jinzi mpaka zing'ae. Vanishi si lazima, na kwa mjusi mwenye ngozi ya vishimo inamharibu. Ukiitaka, iwe ya maji, mkono mmoja mwembamba. Rangi ya kucha isiyo na rangi iache kwa kucha: dawa zake zinalainisha udongo, na baada ya muda mjusi atakuwa ananata na kushika kila vumbi la mfukoni. Rangi nyingi za kupuliza zina shida hiyohiyo.

Tone la supa gluu mahali waya inapotokea mgongoni, sasa, si kabla ya kuivisha, kwa sababu gundi hiyo hudhoofishwa na joto. Acha ikauke usiku mzima. Pete ndogo ya kuunganishia ifungue kwa plaizi mbili kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizivuta kushoto na kulia haitarudi duara na funguo zitaanguka njiani. Pitisha kwenye kitanzi na kwenye pete ya funguo, ifunge kwa mwendo uleule mpaka ncha zigusane na zitoe kimlio.

Mtoto mdogo anayetia vitu mdomoni asipewe.

Akivunjika mguu, usibandike kwa gundi peke yake. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa wa 400, tia udongo mbichi kidogo katikati, bonyeza, sugua kingo, ng'oa rangi iliyozunguka, kisha uivishe tena dakika 30 ukiwa umemlaza kwenye kitanda cha karatasi zilizokunjamana ili mguu usizame.